Nani Amekutuma? Maswali Kuhusu Mamlaka ya Ajenti wa Nyumba na Ardhi

Ukishuka matatu mjini Wang'uru, ambao wenyeji wengi bado huuita Ngurubani, hutatembea mbali kabla ya kuona kibao cha nyumba ya kupangishwa chenye nambari ya simu. Piga nambari hiyo. Mara nyingi atakayepokea si mwenye nyumba. Mwenye nyumba yuko kazini Nairobi, au yuko Marekani, au ni mzee wa Kimbimbi asiyetaka kuamshwa usiku kwa sababu bomba limepasuka. Anayeongea nawe ni ajenti mwenye ofisi, au broka asiye na ofisi, au keateka wa ploti, au mpwa wa mwenye mali, au kijana aliyesikia tu kwamba pale kuna chumba. Wote watano huongea kwa uhakika uleule.

Mpunga wa Mwea unapovunwa, Novemba na Desemba, uhakika huo hupata soko. Mfanyabiashara aliyekuja na lori anataka stoo leo, hawezi kungoja Jumatatu. Anatuma pesa kwa simu akiwa amesimama mlangoni. Wiki mbili baadaye mwenye stoo anafika na kufuli lake mkononi na kusema: huyo mtu simjui.

Pesa imekwenda wapi, na nani atailipa? Jibu la sheria hutegemea jambo moja ambalo watu huliuliza wakati umeshapita: huyo ajenti alitumwa na nani, na alitumwa kufanya nini.

Ajenti ana mamlaka gani hasa?

Yale aliyopewa, basi. Hana yake mwenyewe.

Lugha yetu inalisema jambo hili vizuri kuliko vitabu vingi vya sheria. Wakala na wakili ni maneno ya shina moja, yote mawili kutoka Kiarabu. Kule pwani, katika ndoa ya Kiislamu, wakili bado ni mtu anayesimama mahali pa mwingine, akasema neno na neno hilo likahesabiwa kuwa la yule aliyemweka. Huku bara tumelibana neno hilo hadi likabaki kuwa la mtu wa mahakamani mwenye suti. Lakini wazo ni lilelile. Ajenti wa nyumba akipokea kodi kwa ruhusa, ni mwenye nyumba ndiye aliyepokea. Akikuahidi kwamba paka rangi wewe mwenyewe na utakatiwa gharama kwenye kodi ya mwezi ujao, naye alikuwa na ruhusa ya kuahidi, basi ni mwenye nyumba aliyeahidi, hata kama hajawahi kukuona.

Ruhusa hiyo huweza kuandikwa au kutamkwa. "Nitafutie mpangaji, kodi ni 12,000, usishuke chini ya hapo." Hiyo ni ruhusa kamili, na mipaka yake imo ndani. Ruhusa nyingine haitamkwi lakini imo katika kazi yenyewe: ukimpa mtu funguo na kumwambia atafute mpangaji, huwezi baadaye kulalamika kwamba alimwingiza mgeni ndani ya nyumba kumwonyesha.

Aina ya tatu ndiyo yenye vita. Ni mamlaka ambayo mtu hana tena, au hakuwahi kuwa nayo, lakini mwenye mali amewafanya watu waamini kwamba anayo. Tuseme mama mmoja ana bedsita kumi karibu na barabara ya kwenda Kimbimbi. Kwa miaka mitatu wapangaji wamemlipa ajenti, mama amepokea pesa na hakuwahi kulalamika. Mwezi wa Machi anagombana na ajenti na kumfukuza kwa simu. Hawaambii wapangaji. Aprili wapangaji wanamlipa yule yule kama kawaida, naye anatoweka na pesa. Je, mama anaweza kuwadai kodi ya Aprili mara ya pili? Hawezi. Yeye ndiye aliyewazoesha, na yeye ndiye aliyenyamaza. Hasara hiyo ni yake, na atamfuata ajenti wake mwenyewe.

Sasa geuza hadithi. Kijana anasimama nje ya ploti hiyohiyo na kukuambia, "Mimi ndiye ninayesimamia hapa." Mama hajawahi kumtuma, hajampa funguo, hajapokea shilingi kutoka kwake. Hapo mama hafungwi na chochote. Maneno ya kijana, hata yakiwa matamu kiasi gani, hayawezi kumfunga mtu ambaye hakufanya lolote la kukudanganya. Mamlaka hutoka kwa mwenye mali kuja kwa ajenti. Ajenti hawezi kujipa kwa mdomo wake, kwa kadi yake ya biashara, wala kwa kofia yenye jina la kampuni. Ukilishika hili moja, maswali mengi yaliyobaki hujijibu.

Sheria hii imeandikwa wapi?

Sehemu kubwa haikuandikwa katika kifungu kimoja. Ni kanuni za maamuzi ya mahakama tulizorithi kutoka Uingereza. Sheria ya Mahakama ya mwaka 1967, Sura ya 8 ya sheria za Kenya, ndiyo inayoelekeza mahakama zetu kuzitumia, na tarehe inayotajwa humo ni 12 Agosti 1897. Kwa hiyo mgogoro wa stoo ya mchele pale Wang'uru unaweza kuamuliwa kwa kanuni zilizokomaa kwenye kesi za wafanyabiashara wa London wa karne ya 19. Juu ya kanuni hizo kuna sheria zetu za Bunge, na ndizo zitakazotajwa hapa chini.

Je, ni lazima ajenti awe amesajiliwa?

Ndiyo. Sheria ya Mawakala wa Nyumba na Ardhi ya mwaka 1984, Sura ya 533, inasema kwamba kazi ya kuwakutanisha muuzaji na mnunuzi, au mwenye nyumba na mpangaji, na kupatanisha masharti kati yao, haifanywi na mtu ambaye hajasajiliwa na Bodi ya Usajili wa Mawakala hao. Adhabu ni faini isiyozidi shilingi 20,000, au kifungo kisichozidi miaka 2, au vyote viwili. Elfu ishirini za mwaka 1984 zilikuwa pesa. Leo haziwezi kulipa hata kodi na dipositi ya duka lililo mbele ya barabara, na nadhani hiyo ni sababu mojawapo ya mabroka kutembea bila wasiwasi.

Kuna hasara nyingine inayomgusa broka mfukoni zaidi. Mahakama haisaidii mtu kutekeleza mkataba uliojengwa juu ya kitendo kilichokatazwa na sheria. Broka asiyesajiliwa akidhulumiwa kamisheni yake, mlango wa mahakama unaweza kumfungikia kabla hajamaliza kueleza.

Lakini shika hapa pia: usajili na mamlaka ni vitu viwili. Cheti cha Bodi kinasema mtu huyu anaruhusiwa kufanya kazi ya uajenti nchini Kenya. Hakisemi kwamba mwenye nyumba hii amempa nyumba hii. Nimeona watu wakitulia kabisa baada ya kuonyeshwa cheti kilichotundikwa ukutani kwenye fremu, kama kwamba jina la ploti limeandikwa humo. Uliza vyote viwili. Nambari ya usajili uithibitishe kwa Bodi yenyewe. Barua ya uteuzi uithibitishe kwa mwenye mali.

Na keateka? Keateka ni mwajiriwa wa mwenye ploti. Mamlaka yake ni ya kazi yake: kufagia, kuwasha pampu, kupokea malalamiko, kuonyesha chumba. Kupokea kodi ni mpaka aambiwe. Kama risiti za kodi zina jina la mwenye ploti na keateka ndiye anayezigawa kila mwezi, ameambiwa. Kama anakuomba utume kwenye nambari yake binafsi "kwa sababu paybill ina shida leo", hapo simama.

Nimemlipa ajenti dipositi, naye ametoroka. Mwenye mali anawajibika?

Tutenganishe kupanga na kununua, kwa sababu jibu si moja.

Katika kupanga, ajenti aliyepewa usimamizi wa ploti kwa kawaida ametumwa pia kukusanya pesa. Ukimlipa dipositi na kodi ya kwanza kwa njia ambayo wapangaji wote hulipia, umemlipa mwenye nyumba, na akitoroka hilo ni lao wawili. Ikiwa alitumwa kutafuta wapangaji tu na si kupokea pesa, mambo hubadilika, na ndiyo maana barua ya uteuzi inastahili kusomwa hadi mwisho. Kutazama muhuri peke yake hakutoshi.

Katika kununua, hatari ni kubwa zaidi, na kuna kesi maarufu ya Uingereza, Sorrell dhidi ya Finch. Mwenye nyumba alimpa ajenti kazi ya kumtafutia mnunuzi. Ajenti akachukua dipositi kwa watu kadhaa kwa nyumba ileile moja, kisha akatoroka. Mnunuzi mmojawapo akamdai mwenye nyumba. Mwaka 1976 majaji wa Baraza la Malodi, ambalo wakati huo lilikuwa mahakama ya mwisho ya Uingereza, walisema hapana: kumtuma mtu atafute mnunuzi si kumtuma apokee dipositi kwa niaba yako kabla mkataba haujafungwa. Aliyelipa ndiye aliyeumia. Mahakama za Kenya hazifungwi na uamuzi huo, lakini ni mwepesi kutajwa na mgumu kuujibu.

Kwa hiyo pesa ya kununua ploti haipiti mkononi mwa ajenti. Inakwenda kwa mwenye ardhi mwenyewe au kwa wakili anayeishika kwa makubaliano yaliyoandikwa, na mkataba unasema hivyo. Ajenti anayekasirika kusikia haya amekueleza habari zake.

Anaweza kutia sahihi mkataba wa kuuza kwa niaba ya mwenye ardhi?

Kwa kuwa ajenti tu, hapana. Kutafuta mnunuzi ni kazi moja, na kumfunga mwenye ardhi kwa sahihi ni nyingine kabisa.

Sheria ya Mikataba, Sura ya 23, kifungu cha 3(3), inataka mkataba wowote wa ardhi uwe umeandikwa, utiwe sahihi na pande zote, na kila sahihi ishuhudiwe na mtu aliyekuwapo wakati inatiwa. Hitaji hili la mashahidi lilianza kutumika mwaka 2003. Makubaliano ya mdomo mbele ya chai, au karatasi ya ajenti iliyoandikwa "Nimepokea 100,000 za ploti" bila jina la mwenye ardhi, hayakufikishi mbali ukienda mahakamani kudai ardhi.

Mwenye ardhi akitaka mtu mwingine amtilie sahihi, humpa hati ya uwakilishi. Hati hiyo hulipiwa ushuru wa stempu na kusajiliwa, na Sheria ya Usajili wa Ardhi ya mwaka 2012 ina daftari maalumu la hati hizi. Faida ya usajili ni kwako mnunuzi: hati iliyosajiliwa na ambayo kufutwa kwake hakujasajiliwa huhesabiwa kuwa bado hai kwa mtu anayenunua kwa pesa yake, kwa nia njema, bila habari ya kufutwa. Karatasi iliyopigwa picha na kutumwa kwa WhatsApp kutoka ng'ambo haina kinga hiyo. Usiridhike na kusikia kwamba hati ipo. Waulize imesajiliwa wapi na nambari gani, kisha uisome, kwani hati nyingine humruhusu mtu kukusanya kodi na kulipa bili ya maji tu, si kuuza.

Na ikiwa mwenye ardhi amekufa?

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu makosa mengi ya Kirinyaga na miji ya Mlima Kenya yote huzaliwa hapa.

Mamlaka ya ajenti hufa na aliyempa. Hati ya kawaida ya uwakilishi nayo hufa siku hiyohiyo. Mzee aliyempa mwanawe hati hiyo mwaka 2018 akifariki Jumanne, Jumatano mwana huyo hana uwezo wa kutia sahihi chochote kwa jina la baba, hata wino wa hati ukiwa bado unang'aa. Lakini kibao cha ajenti hakianguki. Wapangaji wanaendelea kulipa, ajenti anaendelea kupokea, na kifungua mimba anaendelea kumwelekeza pesa zipelekwe wapi. Miaka miwili baadaye mtoto wa mwisho au mke wa pili anafika na wakili, na kila risiti iliyoandikwa katika kipindi hicho inageuka kuwa swali.

Sheria ya Urithi, Sura ya 160, kifungu cha 45, inamkataza mtu yeyote kushika, kutumia au kuuza mali ya marehemu bila idhini ya sheria hiyo au ya mahakama. Adhabu ni faini isiyozidi shilingi 10,000 au kifungo kisichozidi mwaka mmoja, au vyote viwili, na aliyejiingiza hivyo anawajibika kwa msimamizi halali wa mirathi. Ajenti hajakingwa kwa kusema nilitumwa na mtoto mkubwa. Mtoto mkubwa hakuwa na mamlaka ya kumtuma.

Barua ya chifu nayo? Barua ya chifu huwataja warithi ili familia ifungue faili ya urithi mahakamani. Ni hatua ya kwanza ya safari. Haimpi mtu yeyote uwezo wa kuuza, kupangisha wala kumteua ajenti. Anayeweza kumteua ajenti ni msimamizi wa mirathi aliyepewa hati na mahakama, na hata yeye haruhusiwi kuuza ardhi kabla hati hiyo haijathibitishwa. Kwa hiyo ajenti akikuambia "mzee alishafariki lakini familia yote imekubali", maneno yanayofuata kutoka kwako yawe: naomba kuona hati ya usimamizi iliyothibitishwa na mahakama.

Kwa wapangaji ushauri ni mwepesi kidogo. Endelea kulipa, usikae bure kwa kisingizio cha msiba, lakini lipa kwa akaunti ileile ya siku zote, weka kila risiti, na omba kwa maandishi ujulishwe msimamizi ni nani.

Mke au mume anahusikaje?

Sana. Sheria ya Mali ya Wanandoa ya mwaka 2013, kifungu cha 12, inakataza mali ya ndoa kuuzwa, kutolewa zawadi, kukodishwa au kuwekwa rehani bila ridhaa ya wote wawili. Ona kwamba kukodisha kumo. Ajenti aliyetumwa na mume peke yake kuuza shamba walilochuma na mkewe amepewa nusu ya funguo. Na shamba likiwa la kilimo, Sheria ya Udhibiti wa Ardhi, Sura ya 302, inataka ridhaa ya Bodi ya Kudhibiti Ardhi, na maombi yapelekwe ndani ya miezi 6 tangu mkataba. Bodi kwa kawaida huwataka muuzaji na mnunuzi wafike wenyewe. Hapo ndipo wake wengi wamesikia kwa mara ya kwanza kwamba shamba linauzwa.

Mashamba ya mpunga yanakodishwa na mabroka. Ni halali?

Swali hili ni la Mwea hasa, na mtu wa Nyeri mjini halielewi mpaka aelezwe.

Mashamba ya ndani ya skimu ya umwagiliaji hayakuanza kama mashamba ya mtu mmoja mmoja yenye hati miliki. Skimu ya Mwea ilianzishwa miaka ya 1950 na serikali ya kikoloni, na mifereji ya kwanza ilichimbwa na wafungwa wa vita vya Mau Mau. Wakulima waliingizwa kama wapangaji wa serikali, kwa kawaida ekari 4 kwa kila mmoja, maji yakitoka mito ya Thiba na Nyamindi. Mwaka 1966 usimamizi ukawekwa chini ya Bodi ya Taifa ya Umwagiliaji, na kanuni za mwaka 1977 zikasema waziwazi: mkulima ana leseni ya kulima, na haruhusiwi kumwachia mtu mwingine akalie au amlimie eneo lake bila ruhusa ya maandishi ya meneja. Baadaye, mwishoni mwa miaka ya 1990, wakulima waliigomea Bodi na kuchukua mchele wao wenyewe, na mambo mengi yakabadilika. Sheria ya Umwagiliaji ya mwaka 2019 ikaigeuza Bodi kuwa Mamlaka ya Taifa ya Umwagiliaji.

Lakini watu wanakodisha, na wote mjini wanajua. Mwenye ekari anahitaji karo ya shule, anakodisha kwa msimu mmoja au miwili, na broka ndiye anayewakutanisha. Shida haiko kwa broka tu. Ajenti hawezi kuwa na zaidi ya aliyemtuma. Ikiwa mwenye eneo ana leseni isiyomruhusu kumweka mtu mwingine, basi broka aliyetumwa naye, hata awe amesajiliwa, mwaminifu na mwenye barua tatu za uteuzi, anauza kitu ambacho hakiko dukani. Ndiyo maana mkodishaji wa mashamba haya huona ajabu: alilipa, akapanda, kisha ndugu wa mwenye eneo akaja kuvuna na polisi wakasema hilo ni la kifamilia.

Kwa hiyo kabla ya kumpa broka pesa ya shamba la mpunga, swali la kwanza halimhusu broka. Eneo hili liko ndani ya skimu au nje? Likiwa nje na lina hati, nenda kwenye ofisi ya usajili wa ardhi Kerugoya, au tumia mtandao wa serikali, ufanye sachi uone jina la nani limo. Likiwa ndani, uliza ofisi ya skimu nani ameandikwa kwa eneo hilo, na ni ruhusa gani inayohitajika.

Ajenti anaweza kunifungia mlango, kuniongezea kodi au kuchukua friji yangu?

Hata mwenye nyumba mwenyewe hana uwezo wa kufanya mengi ya hayo, kwa hiyo hawezi kumpa ajenti.

Kwa duka, hoteli au kibanda cha chakula, Sura ya 301 ya mwaka 1965 humlinda mpangaji asiye na mkataba wa maandishi, au mwenye mkataba usiozidi miaka 5. Kumtoa au kumwongezea kodi huhitaji notisi katika fomu maalumu, ya miezi isiyopungua 2, yenye sababu. Mpangaji akipinga, anakwenda kwa Baraza la Kodi za Majengo ya Biashara kabla tarehe ya notisi haijafika. Ujumbe wa simu wa ajenti, "kuanzia mwezi ujao ni 18,000", si notisi. Kwa nyumba ya kuishi inayolipiwa kila mwezi bila mkataba wa muda maalumu, Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012 inataka notisi isiyopungua muda wa malipo, yaani mwezi mmoja. Nyumba za kodi isiyozidi shilingi 2,500 zina ulinzi wao wa ziada chini ya Sura ya 296.

Kuchukua vyombo kwa sababu ya deni la kodi ni kazi ya dalali wa mnada mwenye leseni, si ya ajenti na vijana wake watatu, na pale mpangaji analindwa na baraza la kodi, dalali huhitaji idhini ya baraza kwanza. Kung'oa mlango, kukata maji, kupiga kufuli la pili juu ya lako: hayo si mamlaka ya mtu yeyote.

Kamisheni inalipwa na nani?

Na aliyemtuma. Hilo ndilo jibu la msingi, na mtu akitaka liwe jingine aliandike mapema. Ada ya kuonyeshwa nyumba, ile mia tano unayotozwa kabla ya kuona chumba, ni makubaliano kati yako na broka, na mara nyingi ndiyo biashara yake nzima. Chumba chenyewe ni chambo.

Ajenti wa muuzaji hatakiwi kula pande mbili kwa siri. Mwenye ploti akisema 900,000, naye akakuambia milioni 1.1 ili 200,000 zimbakie, fedha hizo kisheria ni za aliyemtuma, na kamisheni yake nayo iko hatarini. Wengine huliita hilo ujanja wa soko. Mimi naliita wizi uliozoeleka.

Mjumbe hauawi, lakini je, aliyejituma?

Ajenti aliyetumwa kwa kweli na kufanya alichotumwa hawajibiki badala ya mwenye mali. Mkataba ni wa mwenye mali, na ajenti hujiondoa. Lakini aliyejifanya ametumwa anawajibika yeye mwenyewe kwa hasara uliyopata kwa kumwamini, hata kama alidhani kwa moyo safi kwamba ametumwa. Kama alijua ni uongo, hilo ni kosa la jinai la kupata pesa kwa njia ya udanganyifu, kifungu cha 313 cha Sura ya 63, kifungo hadi miaka 3, na mlango wake ni kituo cha polisi. Malalamiko dhidi ya ajenti aliyesajiliwa yapelekwe pia kwa Bodi iliyompa cheti. Kurejeshewa pesa ni kazi ya mahakama ya kawaida, au ya Mahakama ya Madai Madogo pale inapofanya kazi, ambayo husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1 na hutakiwa kuamua ndani ya siku 60, nawe unaweza kwenda bila wakili.

Barua ya uteuzi inayofaa iweje?

Ukurasa mmoja unatosha. Jina la mwenye mali kama lilivyo kwenye kitambulisho na kwenye hati ya ardhi, na nambari yake ya simu. Jina la ajenti na nambari ya usajili wake. Ploti au nyumba gani. Anaruhusiwa nini: kuonyesha, kukubaliana kodi, kutia sahihi mkataba wa upangaji, kupokea dipositi, kupokea kodi, kufanya ukarabati hadi kiasi gani. Pesa ziende akaunti ipi. Kamisheni ni ngapi na inatoka wapi. Tarehe ya kuanza na ya kwisha, na sahihi.

Kisha mpigie mwenye mali kwa nambari uliyoipata kwingine, si ile uliyopewa na ajenti; majirani wa ploti kwa kawaida wanayo. Na unapolipa kwa simu, tulia pale kabla ya kuingiza nambari ya siri, mahali ambapo jina la anayepokea hujitokeza. Kama barua inasema jina moja na simu inasema jingine, usibonyeze. Mwambie ajenti mngoje mwenye nyumba aje, hata ikibidi lori lilale barabarani usiku huo.